Deni tunaliandika, damu je?

Hakuna aya ndefu katika Qur'ani Tukufu kuliko aya ya 282 ya Suratul Baqara. Asiyeijua angedhani aya ndefu kuliko zote itakuwa inaeleza Pepo, au Moto, au visa vya Mitume. Sivyo. Aya hiyo inazungumzia deni. Inatutaka tunapokopeshana kwa muda maalumu tuandikiane, anayeandika awe mwadilifu, wapatikane mashahidi, na tusione uvivu kuandika hata kama deni lenyewe ni dogo.

Sisi watu wa Tanga tunaifanyia kazi aya hiyo, wengine bila hata kujua. Ingia duka lolote la Ngamiani utakuta daftari la madeni karibu na mizani. Fulani kachukua nusu kilo ya sukari, fulani kachukua mafuta ya taa, siku fulani. Mwenye duka hamwachii Mungu nusu kilo yake ya sukari. Anaandika.

La kujiuliza, ndugu msomaji, ni hili: ikiwa nusu kilo ya sukari inaandikwa, mbona damu ya mtu hatuiandiki? Anapouawa mtu bila ya haki, anapochukuliwa usiku asirudi, anapopigwa mpaka akavunjwa mguu, kwa nini jambo la kwanza tunaloambiana ni "tumwachie Mungu" na "nyamaza, una watoto"?

Swali hili siulizi kwa kuwasuta wengine. Mimi mwenyewe ni mdaiwa.

Mwezi wa Februari 2001 nilikuwa nikisomesha watoto katika madrasa moja hapa mjini. Jirani yangu, mwenye asili ya Pemba kama walivyo wengi katika mitaa yetu, alinifuata baada ya sala ya Isha akaniomba nifike kwake. Ndani nilimkuta mtu mzima, mvuvi, amelala juu ya mkeka, mkono wa kushoto umefungwa kwa kipande cha kanga. Alikuwa amevuka usiku kwa mashua kutoka Pemba na kushukia ufukweni upande wa Mkinga. Mkono ule ulikuwa na jeraha la risasi. Nikauliza kwa nini asipelekwe hospitali. Jirani akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Maalim, huko si watataka PF3? Na PF3 inatolewa wapi?"

Sikuwa na jawabu. Mtu aliyekimbia bunduki aende kwa wenye bunduki kuomba karatasi ya kuonyesha kwamba kapigwa bunduki!

Mgeni yule hakutaka kwangu dawa wala pesa. "Nasikia weye wajua kuandika," aliniambia. "Niandikie hawa." Akanitajia watu watatu waliouawa, jina la kila mmoja, la baba yake na la kijiji chake. Kila alipofika mahali alisimama akasema: "Hili nimeliona kwa macho yangu," au, "Hili nimeambiwa." Mimi nilikuwa na haraka ya kumaliza, yeye hakuwa nayo. Nilijaza kurasa nne za daftari la shule.

Baada ya siku chache ukazuka uvumi mtaani kwamba kuna watu wanaulizia wageni waliotoka visiwani. Sikumwona hata mmoja aliyekuja kuuliza. Uvumi tu ulinitosha. Usiku ule nililichana daftari nikalitia katika jiko la mkaa, na asubuhi mke wangu akachemsha chai kwenye jiko lile lile. Mgeni wetu akasafirishwa kwenda Kenya. Miaka kadhaa baadaye jirani aliniarifu kwamba amefariki huko Mombasa. Hakuniuliza habari za daftari. Afadhali angeniuliza.

Kwa faida ya wasomaji vijana, nieleze kwa ufupi yaliyotokea. Kufuatia uchaguzi wa Oktoba 2000, chama cha CUF kiliitisha maandamano ya kudai uchaguzi wa Zanzibar urudiwe. Siku ya Jumamosi, tarehe 27 Januari 2001, vyombo vya dola viliwapiga risasi waandamanaji, na Pemba ndiko kulikoumia zaidi: Wete, Micheweni, Chake Chake. Siku moja kabla, Ijumaa, watu walikuwa wameshauawa kwa risasi mjini Unguja karibu na msikiti. Zaidi ya Watanzania 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Nchi iliyojisifu kwa kupokea wakimbizi ikawa nayo imezalisha wakimbizi.

Idadi ya waliouawa ikawa mzozo. Hesabu ya mwanzo ya serikali haikufika 30. Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, iliyoundwa kufuatia Muafaka wa CCM na CUF wa Oktoba 2001, ilitaja watu 31. Shirika la Human Rights Watch katika ripoti yake ya Aprili 2002 likasema si chini ya 35, na majeruhi zaidi ya 600. Tofauti ya 31 na 35 ni watu wanne. Katika safu ya gazeti hiyo ni tofauti ndogo. Lakini wanne ni majeneza manne, na nyumba nne zilizokaa matanga. Kila nikizisoma hesabu hizi hujiuliza: wale watatu wa daftari langu wamo katika 31? Wamo katika 35? Au hawamo popote, kwa sababu mtu aliyepewa majina yao aliyatia motoni?

Hoja ya kwanza inayotolewa dhidi ya kuandika ni ya ucha Mungu. Wanasema: Mwenyezi Mungu anajua yote, hakimu wa kweli ni Yeye, kuna haja gani ya kuhangaika na makaratasi? Hoja hii inasikika kama imani, lakini tuitazame vizuri. Mwenyezi Mungu (S.W.) hasahau wala hapitiwi. Pamoja na hivyo, kila mja amewekewa Malaika waandishi, na Siku ya Kiyama kila mtu atapewa kitabu chake. Asiyehitaji maandishi kabisa ameyaweka kuwa sehemu ya hukumu yake. Vipi sisi wasahaulifu tudai kwamba maandishi hayatuhusu? Na aya inayofuatia ile ya deni inatukataza kuficha ushahidi, na kumwambia anayeuficha kwamba moyo wake una dhambi. Kumwachia Mungu hukumu ni imani. Kumwachia Mungu kazi tuliyoamrishwa sisi ni uvivu, au ni woga uliovaa kanzu. Wangu ulikuwa woga.

Hoja ya pili ni ya sitara. Tumefundishwa kustiriana aibu. Je, kuandika maovu ya watu, tena kuyapeleka mbali, si kuanika aibu ya nchi? Jawabu lipo katika Suratun Nisaa, aya ya 148, ambapo tunafahamishwa kwamba Mwenyezi Mungu hapendi uovu utangazwe, isipokuwa na mtu aliyedhulumiwa. Sitara ni ya mja aliyeteleza baina yake na Mola wake. Aliyempiga mwenzake risasi hana sitara kwetu, kwa sababu ile si siri yake. Ni haki ya mtu mwingine iliyo mikononi mwake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na sitaki kuirukia. Wanasema: haki ya kimataifa ni ya wakubwa. Iraq ilivamiwa mwaka 2003 na hakuna kiongozi wa Marekani wala Uingereza aliyepandishwa kizimbani kwa uvamizi ule. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa hati ya kumkamata Waziri Mkuu wa Israel mwezi Novemba 2024 kwa ajili ya Gaza, Marekani ikawawekea vikwazo majaji wenyewe. Sasa daftari la mvuvi wa Pemba litafika wapi katika dunia ya namna hii?

Nakubali kwamba mizani ile imepinda. Na zaidi ya hapo, milango mingi kwetu imefungwa. Mahakama ya The Hague haisikilizi jambo lililotendeka kabla ya tarehe 1 Julai 2002, kwa hiyo damu ya Januari 2001 haimo katika mamlaka yake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa hapa Arusha, lakini Novemba 2019 serikali yetu iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu wananchi na asasi kwenda huko moja kwa moja. Mahakama ya Afrika Mashariki nayo inataka shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili. Miezi miwili! Mtu bado hajamaliza eda, na muda umeshapita.

Lakini tuchukue funzo kutoka Makka. Kabla ya kupewa Utume, Mtume wetu (S.A.W.) alihudhuria mkataba ulioitwa Hilful Fudhul katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an. Mgeni kutoka Yemen alidhulumiwa bei ya bidhaa yake na mkubwa mmoja wa Makka. Hakuwa na ukoo pale wa kumtetea, akapanda mlimani akapaza sauti mbele ya watu. Ndipo baadhi ya koo zikaapa kusimama na aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Waliokula kiapo walikuwa watu wa zama za Jahiliya. Hata hivyo, baada ya Uislamu Mtume alieleza kwamba lau angeitwa tena kwenye mkataba ule angeitika. Hakuulizwa mwenye nyumba ana dini gani. Iliangaliwa haki ya aliyedhulumiwa. Tena yule mgeni alisaidiwa kwa sababu alisema. Angerudi Yemen kimya, koo zile zingeapa kwa ajili ya nani?

Na kwamba mahakama imepinda haina maana kwamba ushahidi hauna kazi. Hapo Arusha, Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilimshitaki Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba. Mashitaka ya awali hayakutaja ubakaji. Mwanzoni mwa 1997 shahidi mwanamke akasimama kizimbani na katika maelezo yake akataja aliyofanyiwa binti yake mdogo. Majaji wakauliza, wanawake wengine wakaeleza, mashitaka yakarekebishwa. Septemba 1998 mahakama ile ikawa ya kwanza ya kimataifa kuhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari, na ya kwanza kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Mwendesha mashitaka alikuwa na mafaili yake na hakuliona. Mama mmoja alilisema.

Tuangalie na upande wa pili. Dhalimu huwa haachi kuandika. Wakongwe wa Mau Mau walipoishitaki serikali ya Uingereza, kilichowaongezea nguvu ni mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park ambayo kuwepo kwake kulikubaliwa mwaka 2011. Juni 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa watu 5,228. Walisubiri zaidi ya miaka 50 wakitegemea kwa sehemu kubwa kumbukumbu za waliowatesa. Hata hapa mwambao, habari za Abushiri bin Salim, aliyenyongwa na Wajerumani Pangani mwezi Desemba 1889, nyingi tunazisoma kutoka kwa Wajerumani wenyewe. Isingekuwa mtu kama Hemedi bin Abdallah al-Buhry, aliyetunga utenzi wa vita vile akiwa mtu wa mrima huu, tungekuwa tunazijua kwa mdomo wa mnyongaji peke yake. Na mwaka 1998 watu walipopigwa risasi Mwembechai, Dar es Salaam, mhadhiri Hamza Njozi aliandika kitabu kikatoka mwaka 2000. Serikali ikakipiga marufuku. Hakuna anayehangaika kupiga marufuku kitu kisicho na uzito.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba kila anayeandika anafanya ibada. Kuna kuandika kunakoua haki. Katika kesi ya kwanza kuhukumiwa na Mahakama ya The Hague, ya Thomas Lubanga wa Congo mwaka 2012, majaji walilazimika kuutupa ushahidi wa vijana walioletwa kama waliokuwa askari watoto, kwa kuwa ilionekana baadhi ya waliowatafuta mashahidi huenda waliwashawishi kusema uongo. Lubanga alitiwa hatiani kwa ushahidi mwingine, zikiwemo picha za video. Lakini fikiria madhara: yule mtoto aliyesema kweli naye hakusikilizwa, kwa sababu ya waliopamba.

Ndiyo maana Suratul Hujurat inatutaka tuchunguze habari kabla ya kuichukua, na Suratul Maida inatuonya chuki yetu kwa watu isitutoe katika uadilifu. Anayeandika 35 kuwa 350 kwa kuwa ana hasira, anadhani anawasaidia wafu. Anampa muuaji mlango wa kutokea. Siku moja itathibitika kwamba 350 ni uongo, na hapo 35 nao watazikwa mara ya pili. Yule mvuvi hakusoma sheria popote, lakini alijua kutenga aliloliona na aliloambiwa. Tukiwa na hilo tu, tuna nusu ya kazi.

Nusu ya pili ni usalama. Aya ile ile ya deni inakataza mwandishi na shahidi kudhuriwa. Kesi za vurugu za Kenya za 2007 na 2008 zilivunjika huko The Hague, ile ya mwisho mwezi Aprili 2016, huku mahakama ikilalamikia mashahidi kuingiliwa na kutishwa. Kwa hiyo hatuna haki ya kumsukuma mjane wa watu akaseme hadharani kisha sisi tukalale majumbani kwetu. Anayeogopa kwa kweli ana udhuru, na dini yetu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Je, mimi nilikuwa na udhuru? Nimelipima jambo hili miaka mingi. Kumtaja mgeni wangu hadharani ingekuwa kosa. Lakini baina ya kutangaza na kuchoma kulikuwa na njia nyingi. Ningeweza kulifukia daftari. Ningeweza kuondoa jina la msemaji nikabakisha ya waliouawa. Ningeweza kumkabidhi mtu wa Mombasa. Sikujaribu hata moja. Udhuru ni wa aliyejaribu.

Na tusidhani faida ya kuandika ni mahakamani tu. Chukua mke wa mtu aliyepotea. Akifiwa, anakaa eda ya miezi minne na siku kumi, kisha ni huru. Asipojua kama mumewe yu hai au amekufa, wanazuoni wamekhitalifiana muda gani asubiri. Mirathi haigawanywi, watoto hawajui kama ni mayatima, sala ya jeneza haijasaliwa. Baada ya mauaji ya uchaguzi wa Oktoba 2025, mtandao wa intaneti ukiwa umezimwa na idadi ya waliokufa ikibishaniwa, zilikuwepo familia zilizozunguka hospitali na vyumba vya maiti zikitafuta watu wao. Kwa mama anayezunguka vile, mstari mmoja ulioandikwa na mtu mwaminifu, kwamba fulani bin fulani alionekana mahali fulani saa fulani, haungojei The Hague. Unamwambia kama avae nguo za eda au aendelee kupika chakula cha mtu wa tatu.

Tarehe 6 Septemba 2024 Mzee Ali Kibao, kada wa CHADEMA, alipanda basi Dar es Salaam kuja kwetu Tanga. Watu wenye silaha walilisimamisha basi Tegeta wakamshusha. Kesho yake mwili wake ulipatikana Ununio, umepigwa na uso umeharibiwa. Alizikwa hapa Tanga. Rais Samia aliagiza vyombo vya uchunguzi vimpelekee taarifa ya kina. Mimi fikra zangu huwa hazimo kwenye taarifa, zimo kwenye basi. Basi lilikuwa na abiria. Kila kiti kilikuwa na macho mawili. Simlaumu hata mmoja wao kwa kutosimama, maana mbele ya bunduki na mimi nisingesimama. Naomba tu kwamba walipofika, kila mmoja nyumbani kwake, akiwa peke yake, awe alichukua kalamu akaandika: nilikaa kiti hiki, niliona hivi, nilisikia hivi, saa ilikuwa hii. Aweke tarehe. Akunje. Ahifadhi. Siku ya kuuliza ikija, itamkuta na jawabu. Isipokuja hapa, kuna Siku isiyokosa kuja.

Nimenunua daftari jingine. Nimeandika humo yote niliyobakiwa nayo: mwezi, mwaka, mkono wa kushoto, kipande cha kanga. Jina la kwanza nalikumbuka lote, la mtu na la baba yake na kijiji. La pili nakumbuka la mtu tu. La tatu limenitoka. Kuna usiku ambao majina hunijia kichwani, yanayofanana nalo, na mkono ukataka kuandika. Siandiki, kwa sababu nikibahatisha nitakuwa nimempa kifo mtu mwingine na nimemnyima yule wake. Mstari wa tatu nimeuacha wazi, na pembeni nimeandika: "Huyu aliuawa. Niliambiwa jina lake na shahidi aliyemwona. Nililichoma mimi."

Huo ndio ushahidi pekee nilionao wa kweli tupu. Anayemjua aje anisaidie kuujaza.

Wallahu a'alam.